Kidoti Hatoki

Kidoti alijua kunyamaza kabla hajajua kuhesabu. Mama yake ndiye aliyemfundisha, na kwa muda mrefu aliliona jambo hilo kuwa fahari, kama mzazi mwingine anavyojisifu kwamba mwanawe anajua kufunga vifungo vya shati mwenyewe.

Mchana kutwa Mama Kidoti alipiga pasi katika duka la dobi, na jua likianza kushuka alikwenda shule ya watu wazima, kwenye chumba ambacho madawati yake yalikuwa yamechongwachongwa na watoto wa asubuhi. Baba Kidoti alifanya kazi mbali, akionekana nyumbani kwa msimu. Mama mkwe alikuwa karibu, tena karibu mno, ukuta kwa ukuta, lakini habari ya kumshikia mjukuu jioni hakutaka hata kuisikia. Alisema hajapata kuona mke wa mtu anaacha jiko linapoa ili akakae dawatini kama kigori. Kwa hiyo Kidoti naye alikwenda shule. Alisomea chini ya dawati.

Chini, kwa sababu msimamizi wa shule alikuwa amepiga marufuku watoto darasani. Hakuwa mtu katili. Alipenda tu amri zake ziogopwe. Kila jioni alizunguka darasa hadi darasa na kishada cha funguo kiunoni, funguo zikilia chwa, chwa, chwa tangu mwanzo wa ujia. Darasa zima lilikuwa limekula njama. Funguo zikisikika, Mwalimu alikohoa. Kinyozi, mwanafunzi ambaye mdomo wake haukujua likizo, alikatiza mzaha katikati. Naye Kidoti alivua viatu, akachomeka soksi ndani yake, akavipanga visigino vikigusa ukuta, kisha akajikunja chini ya dawati mpaka kwenye kona ya mwisho kabisa. Viatu vilianza kuvuliwa baada ya jioni moja kiatu kugonga mguu wa dawati, na Mwalimu ikambidi akohoe kwa nguvu mpaka msimamizi akamshauri kwa huruma aende akapimwe kifua.

Kutoka nako kulikuwa na sheria yake. Mama hugonga ubao wa dawati kwa kifundo cha kidole, polepole, ko, ko. Kidoti hujibu kutoka chini, ko, halafu ndipo anatoka. Akiitwa jina, hatoki. Akibembelezwa, hatoki. Maana siku moja msimamizi alihisi kitu, akainama pale mlangoni akaita kwa sauti ya asali kwamba aliyejificha ajitokeze apewe peremende. Darasa lilikauka. Kidoti hakutoka. Msimamizi alipokwenda zake, wanafunzi wenye ndevu na wenye wajukuu walimpigia mtoto makofi ya kimyakimya, na Shangazi, fundi cherehani aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, akamshonea gauni kwa mabaki ya kitambaa. Mama Kidoti alirudi nyumbani amembeba mgongoni, akimwambia njia nzima kwamba hakuna mtoto kama yeye.

Kidoti alivaa gauni hilo alasiri ambayo Mwalimu aliwapeleka kuona kanisa kongwe la Kikatoliki. Mtihani ulikuwa umekaribia, na Mwalimu alisema swali la kueleza jengo la kale halikosekani, sasa ni heri waone kwa macho kuliko kukariri. Mama mkwe alikuwa amekataa tena kubaki na mtoto, wala hakukataa kimya. Alisimama mlangoni akasema, "Nenda naye. Ila likimpata la kumpata huko kwenye masomo yako, usije kunililia mimi." Mama Kidoti aliyameza. Alikuwa amezoea kumeza.

Kwa nje kanisa lilionekana zito, kuta zake za mawe zimeshikiliwa ubavuni na viegemeo vinene, kama bibi vizee waliojishika kiuno. Lakini ukishavuka mlango, uzito wote unakwisha. Nguzo zilipanda, zikapanda, halafu huko juu zikafunguka kama viganja, zikashikana vidole, na juu ya vidole hivyo ndipo dari lilipokaa. Madirisha marefu ya vioo yalimwaga rangi sakafuni, nyekundu, bluu, manjano, na Kidoti akawa anaruka kutoka rangi hii hadi ile bila kutoa sauti. Mama yake alisimama kinywa wazi. Hakuwa mtu wa dini hiyo, ila hakuwa amewahi kuingia katika jengo ambalo aliyelijenga alifikiria sana habari za hewa.

Mwalimu alieleza kwamba matao yale hayakushikwa na chuma. Kila jiwe linataka kuanguka, na kwa kuwa yote yanataka kuanguka kwa pamoja, yanabanana, na hakuna linaloanguka. Shangazi alisema yeye anachokiona pale ni marinda, na aliyeyakata alikuwa na mkono. Kinyozi aliikodolea macho kuba kubwa, laini, juu ya altare, meza ya misa, akasema hicho ni kichwa ambacho hakijapata kumfaidisha kinyozi yeyote. Hata sakristani alicheka. Huyu alikuwa mtunzaji wa kanisa, mzee mwembamba mwenye koti refu, na ndiye aliyewafungulia na kuwatembeza.

Aliwaingiza mpaka sakristia, chumba cha nyuma ya altare ambamo mapadre huvalia. Upande mmoja kulikuwa na kabati la mavazi ya misa, refu kuliko kitanda, lenye droo pana nyembamba ambamo vazi hulazwa bila kukunjwa. Sakristani alisema maseremala walilijengea humohumo chumbani, kwa hiyo halitatoka mpaka ukuta ubomolewe. Mama Kidoti, mtu wa pasi, alifunguliwa droo moja akaona vazi jeupe lisilo na hata kunyanzi, na wivu ukamshika. Hatua chache kutoka hapo, sakafuni karibu na ukuta, kulikuwa na mfuniko wa mbao. Chini yake ni kisima. Wajenzi wa zamani walipitisha mabomba ndani ya kuta, mvua ikinyesha maji yanateremka yenyewe kutoka paa mpaka chini ya sakafu. Waashi waliokuwa wakikarabati ukuta wa nje walichota humo maji ya kuchanganyia chokaa, na mfuniko walikuwa wameuacha wazi nusu. Sakristani aliusukuma kwa mguu, ukasogea kidogo ukagoma, naye akanung'unika kwamba mafundi wa siku hizi hata mlango wa nyumbani kwao hawafungi.

Kila mlango wa kanisa ulikuwa na ufunguo wake, na zote zilikuwa kwenye pete moja kubwa mkononi mwake. Mara mbili tatu, wakiwa wanamfuata, Mama Kidoti alihisi mkono mdogo ukimvuta sketi. Alidhani mtoto anataka kujisaidia, akamwuliza kwa macho. Kidoti alitikisa kichwa. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Walirudi kwenye nguzo. Mwalimu alitaka wapime unene wa moja kwa uzi, akahitaji watu wawili wa kuikumbatia. Kinyozi alijitolea, akaambiwa akae na mikono yake. Ndipo Mama Kidoti na Shangazi wakaikumbatia, huyu upande huu, yule upande ule, mashavu kwenye jiwe baridi, wakitafutana vidole bila kufikiana, darasa likiwacheka. Ili aikumbatie nguzo, ilimbidi Mama Kidoti auachie mkono wa mtoto. Alimwambia asimame papo hapo. Wakati huo sakristani naye alikuwa akipita kando yao kwenda kufungua mlango wa mnara, ili wakimaliza wapande.

Alipoiachia nguzo, shavu limejaa vumbi jeupe, mahali alipomwacha mtoto palikuwa na rangi nyekundu ya dirisha tu.

Mwanzoni hakuogopa. Alichungulia nyuma ya nguzo, akainama kuangalia chini ya mabenchi, akiwa bado na kicheko mdomoni. Kisha aliita. Jina lilipanda mpaka kwenye kuba, likavunjika vipande huko juu, na kila kipande kikarudi kutoka upande wake, kana kwamba kuna akina mama wengi pembeni, kila mmoja amepoteza wake. Kicheko kilimkauka. Aliita tena. Shangazi akaita, Mwalimu akaita, darasa zima likasambaa kati ya nguzo likiita, na kanisa likajaa jina la mtoto mmoja mpaka halikuwa jina tena, likawa ngurumo.

Mlango mkubwa ulikuwa umerudishiwa, na kuusukuma kulitaka mwanamume mzima. Kwa hiyo mtoto alikuwa ndani. Hilo lilimpa Mama Kidoti nguvu kidogo. Sakristani alikimbia kwa miguu yake ya uzee, akifungua kila kinachofunguka: ngazi ya kuzunguka ya roshani ya kwaya, ghala la viti, vibanda vya kitubio, mnara mpaka kwenye kengele, hata kijimlango cha chini ya mimbari. Funguo zilimlilia mkononi bila kupumzika. Sakristia ndiyo aliyoiingia kwanza kabisa, akavuta droo zote za kabati, akatoka.

Mvua ikaanza. Waliisikia kwanza kwenye paa. Kisha wakaisikia ndani ya kuta, maji yakinguruma kwenye mabomba yaliyofichwa, yakishuka.

Hapo Kinyozi alitokeza mlango wa sakristia. Alisimama bila kusema neno, na kwa wote waliomfahamu hilo lenyewe lilitosha kuwakata maini. Mkononi alikuwa na viatu vya Kidoti.

Alivikuta karibu na mfuniko wa kisima. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, akimtazama Mwalimu, kwa kuwa hakuweza kumtazama mama.

Mama Kidoti hakukumbuka baadaye alifikaje sakristia. Alikumbuka kwamba alivipokonya viatu akavikandamiza kifuani, na kwamba sakafu ilikuwa na ubaridi uliopenya magoti. Mfuniko walikuwa wameshauondoa wote. Shimo lilikuwa jeusi, na kutoka humo ilipanda sauti ya maji yanayomwagika juu ya maji. Mtu mmoja alileta kamba. Mmoja wa wale waashi, mtu mpana mwenye chokaa mpaka kwenye kope, alifungwa kiunoni, akashushwa na tochi. Sakristani alikumbuka kwamba kuna mpini wa kugeuzia maji yamwagike nje, akakimbilia huko, na baada ya muda mngurumo ndani ya kuta ukakatika. Iliyobaki ilikuwa mvua juu ya paa, na pumzi za mwashi huko chini, kubwa, zinazorudi.

Mwashi alisema maji yanamfika kifuani. Alisema yamechafuka udongo, tochi haifiki popote. Alikuwa anatembea polepole, akipapasa kwa miguu. Halafu aliomba apewe mti mrefu.

Mti ulipopita mbele ya macho yake kuingia shimoni, Mama Kidoti aliinama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa jiwe. Alijua mti huo ni wa nini. Kila ulipogusa kitu huko chini alisikia, na kila aliposikia, roho ilimtoka ikarudi. Shangazi alikuwa amemshika mabega kutoka nyuma, naye aliitambua mishiko ile. Ni mishiko ya kumshika mtu ambaye wengine wote wameshajua.

Akaanza kuongea. Hakujua anaongea na nani. Na jiwe, na ile taa ndogo nyekundu aliyoiona ikiwaka karibu na altare, na yeyote aliyekuwa anasikiliza. Alisema kweli, mama mkwe alisema kweli. Alisema madaftari atayachoma. Dawati atalisahau, mtihani ataupisha, atakaa nyumbani achochee jiko na asiulize tena kwa nini mawe hayaanguki. "Nirudishie," alisema, "nirudishie, nami nitakaa, sitatoka tena, nita..."

Hakuimalizia. Vidole vyake, vilivyokuwa vikiviminya viatu kana kwamba mtoto yuko ndani yake, vilikuwa vimegusa kitu laini.

Alivitoa viatu kifuani akavitazama kwa mara ya kwanza. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na soksi. Ilikuwa imechomekwa mpaka mbele, kwenye vidole, kama alivyomfundisha.

Aliinua kichwa. "Vilikuwaje?" alimwuliza Kinyozi.

Kinyozi alisema ameshaeleza, hapo, karibu na mfuniko.

"Sikuulizi vilikuwa wapi, kaka yangu. Vilikuwa vimekaaje?"

Kinyozi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alionyesha ukuta. "Vilikaa vizuri," akasema. "Pamoja. Visigino ukutani. Kama vya mtu aliyekwenda kulala."

Wakati huohuo sakristani alikuwa akirudi kutoka kugeuza maji, amelowa, anakimbia, na mbele yake ikatangulia sauti. Chwa, chwa, chwa.

Mama Kidoti alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa tayari amemtazama yeye. Alikuwa amefungua kinywa, na mkono wake, kwa mazoea ya jioni nyingi, ulikuwa umekwenda mdomoni kama wa mtu anayetaka kukohoa.

Mama Kidoti aliinuka kutoka sakafuni. Alimwendea mzee mlangoni akamwomba kwa heshima zote zilizombakia, "Baba, naomba hizo funguo uziweke chini. Taratibu. Zisilie."

Mzee alidhani akili zimemruka. Alimtazama Mwalimu, Mwalimu akampa ishara ya kichwa. Basi akainama, akailaza pete juu ya zulia la mlangoni kama anayelaza yai. Mwalimu alizunguka akiwanyamazisha watu kwa kidole. Wale waliokuwa bado wanaita huko kwenye nguzo waliambiwa waache. Mwashi alipaza sauti kutoka shimoni akiuliza kuna nini huko juu. Akaambiwa atulie alipo, asitikise maji.

Kanisa likanyamaza, likabaki na mvua yake.

Mama Kidoti aligonga fremu ya mlango. Mara mbili. Alisubiri. Hakuna kitu. Aligonga benchi la pembeni, akaukimbilia mguu wa kiti, akagonga ubao wa kabati, akarudi kwenye mlango akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na kila alipongoja hakusikia ila matone. Alianza kuona nyuso za watu. Nyuso zilikuwa zinamwonea huruma. Soksi ni soksi, nyuso hizo zilisema. Mtoto anaweza kuvua viatu vizuri kabisa, akapenda kuona maji, akainama. Kwa muda mfupi, mfupi kuliko kufumba jicho, naye aliona hivyo. Aliona nguo ya mabaki ya kitambaa ikielea gizani. Shangazi alisogea kumshika tena.

"Unagonga kwa ngumi, mwanangu," Shangazi alimwambia sikioni. "Hivyo ndivyo anavyogonga mtu mbaya."

Aliutazama mkono wake. Kweli, ulikuwa umekunjwa ngumi, na ngozi ya vifundo ilikuwa imechubuka.

Alivua viatu vyake mwenyewe. Alikwenda mpaka kwenye lile kabati refu, kwa sababu katika chumba kile hakukuwa na kitu kingine kilichofanana na dawati, akapiga magoti, akalaza sikio juu ya ubao. Ulikuwa na harufu ya nta. Alikunjua ngumi. Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole kimoja, polepole, kama jioni yoyote ile.

Ko, ko.

Mvua. Pumzi za mwashi. Mahali fulani juu kabisa, njiwa alijikung'uta.

Ko.

Ilitoka ndani, chini, mbali, karibu na kona ya ukuta. Hakuna aliyethubutu kusogea. Mwisho wa kabati, pale lilipokaribia ukuta, kulikuwa na mwanya ambao mtu mzima angeapa kwamba hata paka atajikwaruza. Kwanza ulitokea mkono. Kisha kichwa kilichojaa utando wa buibui, bega, gauni lililogeuka kijivu, na nyayo mbili tupu. Kidoti alisimama, akapepesa macho kwa kuona watu wengi vile wakimtazama. Alitafuta uso wa mama yake, na alipoupata akausogelea karibu sana, kwa sababu bado hakuwa na hakika kama ni ruhusa kusema.

"Wameniita sana," alinong'ona. "Sikutoka, mama."

Alikuwa anangoja asifiwe.

Mama Kidoti alimvuta mtoto, akamfunika kwa mwili wake wote juu ya sakafu ile, na kilio kilichomtoka kilipita mlangoni, kikapanda nguzo, kikaenda kugonga kuba na kurudi. Shangazi alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Mwalimu aligeukia ukuta, akakohoa na kukohoa. Sakristani alifanya ishara ya msalaba, akaanza tena, kama mtu aliyesahau kama ameshaifanya. Ilipita muda kabla sauti ya unyonge haijatoka kisimani ikiuliza, kama wenyewe wameshamaliza, je, kuna mtu anaweza kumvuta, maana maji ni ya baridi. Kinyozi ndiye aliyeikumbuka kamba, naye alimvuta mwashi juu huku akicheka na kulia, bila kupata mzaha hata mmoja wa kusema.

Kabla hawajaondoka, Mama Kidoti alimbeba mtoto mpaka katikati, chini ya kuba. Watu walikuwa wanakusanya vitu vyao na kumwacha apumue. Alimwambia Kidoti aseme kitu, chochote, kwa sauti. Kidoti alimtazama Mwalimu, akamtazama mzee mwenye koti, akaficha uso shingoni mwa mama. Mama alimwambia tena kwamba ni ruhusa. Mtoto alifikiri, kisha akatoa kijisauti, "Mama," kidogo sana, cha chini ya dawati. Hata hivyo kuba ilikisikia. Ilikichukua, ikakizungusha, ikakirudisha. Kidoti aliinua uso akatazama juu kuona nani anamwita mama yake.

Nyumbani hakuficha. Alimweleza mama mkwe yote, toka uzi wa kupimia mpaka mwanya wa kabati, na alingoja maneno yake kama anayengoja kofi. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Alimkagua mjukuu nyayo, akamsugua utando wa mwisho nyuma ya sikio, akamalizia chai yake. Halafu akasema kwamba jioni zile ambazo miguu haimwumi, angeweza kuwa anakaa na mtoto. Ila miguu, akaongeza, inamwuma karibu siku zote. Kutoka kwake, hiyo ilikuwa zawadi, na Mama Kidoti aliipokea kama ilivyo.

Jioni iliyofuata ya darasa, miguu ya mama mkwe ilikuwa inauma.

Mama Kidoti alikuwa ameshaamua akiwa njiani. Alimketisha mtoto juu ya benchi, kando yake, mbele ya dawati, akampa penseli fupi na karatasi. Ubaoni Mwalimu alikuwa amechora tao, na alikuwa anauliza nani anaweza kueleza kwa nini halianguki, funguo ziliposikika.

Chwa, chwa, chwa, tangu mwanzo wa ujia.

Mwalimu alikohoa kabla hajafikiri. Kidoti alikuwa ameshashuka benchini, ameshafungua kiatu cha kwanza, soksi iko nusu. Alifanya haraka, bila kumtazama mtu, kama mtu mzima anayejua kazi yake.

Mama yake aliinama. Aliirudisha soksi, akaivuta mpaka juu. Akamvalisha kiatu, akakaza ukanda wake, huku funguo zikikaribia, zikipita darasa la kwanza, zikipita la pili. Alijua anachoweza kupoteza. Msimamizi angeweza kumwondoa darasani leo hii, na mtihani uko mlangoni. Alimpandisha mtoto tena juu ya benchi, akamwekea penseli mkononi.

Nyuma yao Kinyozi alisogeza benchi lake mbele, likakwaruza sakafu kwa makusudi, akaja kukaa karibu. Shangazi naye akasogea. Mwingine akasogea. Wakabanana kwenye madawati ya mbele, mabega kwa mabega, hakuna nafasi ya mtu kupenyeza mkono.

Mlango ulifunguka. Msimamizi alisimama, kidole kwenye pete ya funguo, akatembeza macho mpaka yalipofika kwenye gauni la vipande vya rangi.

Kidoti alimtazama mama yake. Mama yake aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Shikamoo," mtoto alisema, na sauti yake ikafika mpaka ukuta wa nyuma.